Kupanga uwanja na ratiba ya vijana Eastleigh

Anza na ratiba, si saruji. Eastleigh, Nairobi, wakazi hupishana saa: Ijumaa adhuhuri msikitini, Jumapili asubuhi kanisani, na watoto wengi huwa madrasa. Ziandike saa hizo kwanza, kisha ugawe zilizobaki.

Uwanja wa mpira wa kikapu ni mita 28 kwa 15. Ongeza mita 2 kila upande, yaani 32 kwa 19. Upe mteremko wa asilimia 1 hivi, la sivyo maji ya masika yatatuama.

Wasichana ndio huacha kuja uwanjani kimyakimya. Watengee saa zao, kocha mwanamke, na choo chenye taa na komeo la ndani. Kikiwa kichochoroni nyuma ya jengo, hawarudi.

Kwenye mikutano ya kupanga na wakazi, leta wakalimani wa Kisomali na Kioromo. Wakisikilizwa wazee tu, utajikuta umejenga ukumbi wa harusi badala ya uwanja wa vijana.