Kujenga B.E.2c kwa mkono, skeli ya 1:24: matundu kwanza, nyaya mwisho

Mwisho wa Januari 1916 kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps, jeshi la anga la Uingereza la wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kiliteremka Mombasa na ndege zake, kikaelekea kambi ya Mbuyuni, kwenye njia ya kutoka Voi kwenda Taveta. Miongoni mwa ndege hizo ilikuwamo B.E.2c, ndege ya Kiingereza yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na viti viwili. Hiyo ndiyo tutakayoijenga. Sijawahi kuiona dukani hapa Mombasa ikiwa kwenye boksi la vipande vya plastiki, kwa hiyo tunaianza kwenye karatasi, mwanzi na uzi.

Niseme mapema kosa linaloua modeli nyingi za aina hii. Mtu anajenga bodi vizuri, mabawa vizuri, anagandisha, anapaka rangi, halafu anakumbuka nyaya. Hapo anaanza kutoboa bawa lililokwisha kupakwa, keekee inateleza, karatasi inachanika. Ndege hizi bila nyaya si kitu, na waya unaofungwa siku ya mwisho unataka tundu lililotobolewa siku ya kwanza.

Vifaa: karatasi ngumu ya manila, vijiti vya mishikaki (chagua vilivyonyooka, katika pakiti ya mia utapata thelathini vya maana), plaiwudi ya mm 1 au kadibodi ngumu, vijiti vya aiskrimu, karatasi ya shashi ile ya kutengenezea vishada, gundi nyeupe ya mbao, supaglu, msasa laini, nyembe, kibano, vibanio vya nguo, keekee ndogo ya mkono na biti ya mm 0.6, mshipi wa kuvulia wa nailoni wa mm 0.2, pini za cherehani, nati ndogo kama ishirini na vijiti vya udi. Udi hautanukia bure, utauona kazi yake mwishoni.

Hatua ya 1: Mchoro

Tafuta mchoro wa pande tatu. Ndege yenyewe ilikuwa na upana wa mita 11.28 kutoka ncha hadi ncha, na urefu wa mita 8.31. Gawanya kwa 24: upana sm 47, urefu sm 34.6. Peleka mchoro kwa mwenye fotokopi, mwambie apanue mpaka vipimo hivyo vitimie. Kabla hujalipa, pima upana na urefu vyote viwili kwa rula yako, maana kuna mashine zinazovuta karatasi upande mmoja. Toa nakala tano, moja ya kubaki ukutani na nne za kukatwa.

Tafuta na picha za ndege halisi. Imperial War Museum ya Uingereza inayo moja, Canada Aviation and Space Museum ya Ottawa inayo nyingine. Picha za makumbusho ni nzuri kwa mambo madogo kama vile waya unaingilia wapi.

Hatua ya 2: Hesabu nyaya kabla ya kukata chochote

Kaa na mchoro na kalamu nyekundu. Kila upande wa B.E.2c una jozi mbili za nguzo kati ya bawa la juu na la chini, na kila jozi ni nguzo ya mbele na ya nyuma. Nyaya ni za aina tatu. Zile zinazoanzia chini karibu na bodi na kupanda kuelekea ncha ya bawa la juu hubeba uzito ndege ikiwa angani, maana mabawa yanataka kukunjika kwenda juu. Zile zinazoanzia juu katikati na kushuka nje hubeba mabawa ndege ikiwa chini. Za tatu hukatana msalaba kati ya nguzo ya mbele na ya nyuma, kuzuia bawa lisijipinde.

Ukichora kila moja mara moja tu, utapata nyaya 12 kila upande, 24 kwa jumla, na hapo bado hujagusa mkia, miguu wala aileroni (vile vibawa vya ukingo wa nyuma vinavyoinamisha ndege upande), na aileroni ziko kwenye mabawa yote manne. Tia nukta nyekundu kila waya unapoingia kwenye bawa. Hizo nukta ndizo ramani yako.

Hatua ya 3: Mabawa

Modeli yangu ya kwanza niliifanyia mabawa ya mifupa mitupu yaliyofunikwa shashi, kama kishada. Shashi ilipokauka ilivuta, asubuhi nikakuta mabawa yamejikunja kama majani makavu ya mwembe. Siku hizi nafanya kama sambusa: ngozi mbili za manila, katikati mihimili miwili ya mwanzi.

Kata vipande vinne vya mabawa ya kando na kile kifupi cha katikati kinachokaa juu ya bodi. Viweke mezani viwili vya kulia na viwili vya kushoto, vikitazamana, uandike kwa penseli kila kimoja ni cha wapi. Unaweza kucheka, lakini mimi nimewahi kumaliza na mabawa matatu ya kulia.

Kila kipande kina karatasi ya chini na ya juu. Ya juu ongeza mm 2 upande wa nyuma, kwa sababu itapanda mgongo. Gandisha mihimili kwenye karatasi ya chini palepale mchoro unapoionyesha: wa mbele unene wa mm 3, wa nyuma mm 2. Acha ikauke, kisha *toboa sasa*. Kila nguzo itakapokaa na kila nukta nyekundu, tundu lipite kwenye mwanzi, si kwenye karatasi tupu. Mwanzi hupasuka, kwa hiyo dondosha tone la supaglu mahali pa kutoboa, subiri likauke, ndipo upitishe biti polepole.

Paka gundi, laza karatasi ya juu, bana ukingo wa mbele na wa nyuma. Bawa la ndege hii si bapa, hata tumbo lake limebonyea kidogo. Ili kulipata bonyeo hilo, lifunge bawa likiwa bado na ubichi wa gundi kwenye ubavu wa pipa la lita 200, kati ya pete zake, kwa mipira ya tyubu ya baiskeli, tumbo likigusa pipa. Upana wa bawa uende na mviringo wa pipa, urefu wake usimame na pipa. Mpaka kesho yake.

Likitoka hapo rudisha pini kwenye kila tundu kutoka chini, itokeze juu ili kuitoboa ngozi ya pili. Baada ya hapo ni mbavu. Gandisha uzi wa kushonea juu ya bawa, kila mstari wa ubavu ulio kwenye mchoro, halafu funika yote kwa shashi ukitumia gundi iliyozimuliwa kwa maji. Ikikauka, utaona mbavu zimejitokeza chini ya ngozi kama za punda wa chokaa. Tafuta matundu kwa kidole, uyafungue tena kwa pini.

Hatua ya 4: Bodi na mkia

Hapa hapana maajabu. Bodi ni sanduku refu linalosinyaa kuelekea mkiani: pande mbili za plaiwudi au kadibodi, vizuizi vinne vya ndani, chini bapa, juu mgongo wa manila uliokunjwa. Hakikisha tu kwamba ukitazama kutoka juu pande zote mbili zinasinyaa sawa. Mtazamaji alikaa kiti cha mbele na rubani nyuma yake, kwa hiyo usukani na vyombo viweke kwenye shimo la nyuma. Toboa matundu ya nguzo nne za katikati na ya miguu. Mkia ukate kwenye manila mbili zilizogandishwa pamoja.

Hatua ya 5: Injini na pangaboi

Hii ndiyo raha ya kazi nzima, usiiharakishe. Injini ni RAF 1a ya nguvu farasi 90, silinda nane zilizopangwa nne nne kwa umbo la V, zikipozwa kwa upepo, na zote ziko nje zinaonekana. Kata vipande vinane vya kijiti cha mshikaki, vizungushie uzi mweusi kwa kubananisha, raundi kwa raundi, mpaka vionekane kama silinda zenye mapezi. Tone la gundi iliyozimuliwa litashika uzi. Mabomba ya moshi katika ndege nyingi za aina hii yalisimama wima kama dohani mbili, yakapita juu ya bawa la juu. Waya mnene wa umeme ulio na plastiki yake unatosha kabisa, upinde kwa koleo.

Pangaboi lina mapanga manne. Chukua vijiti viwili vya aiskrimu, katikati kata kila kimoja nusu ya unene, vipandane msalaba kama fremu ya dirisha. Kisha chonga kila panga kwa msasa, ukingo mmoja ukiinama zaidi karibu na kitovu na kulegea kuelekea ncha. Mapanga yote yapinde upande mmoja. Vanishi ya mbao mikono miwili, na usilipachike hadi siku ya mwisho, kwa sababu utaligonga.

Magurudumu: vidude vya duara vya plaiwudi, mpira wa oringi pembeni, na koni bapa ya karatasi kila upande, kwani magurudumu haya yalifunikwa nguo.

Hatua ya 6: Rangi, kila kipande kikiwa peke yake

Ukishasimamisha bawa la juu, brashi haipiti tena. Kitani kilichopakwa vanishi ya kukaza kina rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo: changanya nyeupe, njano ya udongo na tone la kahawia. Duara za Royal Flying Corps ni buluu nje, nyeupe, nyekundu katikati. Usukani wa mkiani una mistari mitatu wima, ya buluu ikiwa upande wa mbele. Nguzo zipake rangi ya mbao, lakini kwanza zichonge ziwe na umbo la chozi, upande mnene mbele. Kila ncha ya nguzo itie kipande cha pini ya cherehani cha mm 4. Fungua tena matundu. Ndiyo, tena.

Hatua ya 7: Kusimamisha bawa la juu

Watu wengi hugandisha nguzo zote chini, kisha hushusha bawa la juu huku wakiomba dua. Mimi nafanyia kitanda. Ni vipande vinne vya kadibodi ngumu vinavyosimama wima mezani, kila kimoja kimekatwa kwa kufuata mchoro wa mbele na wa ubavuni, bawa la chini likikaa kwenye mkato wa chini, la juu kwenye mkato wa juu.

Kitanda kishike mambo mawili. La kwanza, mabawa yameinuka kuelekea nchani; pembe ipime kwenye mchoro, na ujue kwamba kila digrii moja inainua ncha ya bawa la sm 22 kwa karibu mm 4. La pili, bawa la juu limetangulia mbele ya la chini, hazisimami wima moja juu ya nyingine kama ghorofa. Ukikosea hili, mtu asiyejua chochote kuhusu ndege ataona kuna kitu hakiko sawa.

Anza na bodi na mabawa ya chini. Kisha kipande cha katikati juu ya nguzo zake nne. Hicho kikikaa mshazari, kila kitu kitafuata mshazari, kwa hiyo kitazame kutoka mbele, juu na nyuma kabla gundi haijashika. Tumia gundi nyeupe hapa, inakupa muda wa kurekebisha. Siku ya pili ndipo mabawa ya juu ya kando na nguzo zake nane. Usitoe kitanda mpaka nyaya ziingie.

Hatua ya 8: Nyaya

Funga kwanza za msalaba kati ya nguzo, halafu za ndani karibu na bodi, mwisho za nje. Fanya moja kulia, moja kushoto, ili upande mmoja usivute ndege yote.

Kila mshipi piga hivi: ncha yake ipitishe tundu la juu, shika kwa tone dogo la supaglu lililochukuliwa kwa ncha ya pini. Ncha nyingine ipitishe tundu la chini, fungia nati, iache ining'inie. Uzito wa nati ndio unaonyoosha. Tone la pili. Ukiwa na nati kumi na mbili zinaning'inia ndege itafanana na mtego wa samaki, na hapo utaelewa kwa nini yule mtazamaji wa mbele, akiwa amezungukwa na nguzo na nyaya hizi zote, alipata taabu kulenga bunduki.

Waya uliolegea baada ya kukauka usiukate. Washa kijiti cha udi, zima moto kibaki kaa, kipitishe karibu na mshipi bila kuugusa. Nailoni itajikaza mbele ya macho yako. Ukigusa utakatika, na utaanza upya na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Ukimaliza, kata nati moja moja kwa wembe, ukiusukuma wembe uelekee nje ya bawa. Ziba kila tundu kwa tone la rangi. Toa kitanda kwa kukikata vipande, usikivute. Pachika miguu, mwisho kabisa pangaboi.