Picha ya Magofu: Anza na Kilicho Kipya

Wateja wakiniletea picha ya mji wa kale niitie fremu, swali huwa moja: "Fundi, hili gofu la mwaka gani?" Mimi gofu huliacha kwanza.

Juzi mama mmoja wa Njiro alikuja na karatasi aliyoikuta sandukuni mwa marehemu baba yake. Zimwi lenye mabawa, limeshika tama, limetoa ulimi, linaitazama Paris kutoka juu. Nilimjua mchoraji: Charles Meryon, mwaka 1853.

Karatasi kama hiyo ishike kingo tu. Ilaze karibu na dirisha, mwanga uje wa ubavuni, upapase pembezoni mwa mchoro. Uliochapwa kwa bamba la shaba huacha kijibonde kuuzunguka, maana mashine huikandamiza karatasi ikiwa na unyevu. Kisha chukua lenzi. Ukiona vidoto vidoto badala ya mistari ya wino, hiyo imetoka kwenye kitabu au kalenda. Ya mama ilikuwa vidoto. Nikamwambia ukweli, akacheka, akasema weka fremu vilevile, baba aliipenda.

Sasa soma. Zimwi lile kila mtu hulidhania la zama za kati. Wapi! Lilichongwa karne ya 19, kanisa la Notre-Dame la Paris lilipokuwa likikarabatiwa na msanifu majengo Viollet-le-Duc. Meryon alipolichora lilikuwa bado jipya. Cha kale tafuta nyuma yake: mnara wa Saint-Jacques, wa mwanzoni mwa karne ya 16. Kanisa lake lilibomolewa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, mnara ukabaki peke yake kama jino la mwisho. Na mwaka huohuo wa 1853 Haussmann alipewa madaraka ya Paris, akaanza kuvunja vichochoro vya zamani. Ndiyo maana kipya hukupa tarehe: gofu lingeweza kuchorwa karne yoyote, zimwi haliwezi.

Usimwamini mchoraji moja kwa moja, lakini. Bamba la shaba hufutika likachorwa upya. Kwenye mchoro wake wa daraja la Pont-au-Change, Meryon alirudi baadaye akabadilisha anga, akatia makundi ya ndege. Ukipata nakala mbili, linganisha mawingu kabla ya majengo.

Ukitaka mazoezi, nenda Boma la Wajerumani hapa Arusha, la mwaka 1900. Kaa ng'ambo ya barabara, chora kwanza nyaya, bodaboda na mabango, Boma lije mwisho. Nyuma ya karatasi andika tarehe na ulipokaa.

Nasema hivyo kwa uchungu. Miaka iliyopita nilichora duka la zamani karibu na Soko Kuu, paa la bati, vibaraza vya mbao. Mbele yake palikuwa na nguzo ya umeme. Nikaiona inaharibu picha, nikairuka. Duka limevunjwa, pamepanda ghorofa, na vijana wananibishia kwamba halikuwa pale. Nguzo bado ipo.