Kupeleka Mechi ya NFL Ng'ambo: Anza na Nyasi, Maliza na Nyasi

Uwanja wa soka wa kimataifa kwa kawaida una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Wa futiboli ya Kimarekani una mita 109.7 kwa 48.8, yaani yadi 120 kwa yadi 53 na theluthi, ukihesabu na maeneo mawili ya mwisho ambamo alama hufungwa. Kwa upana una nafasi ya kumwaga. Kwa urefu umepungukiwa na karibu mita tano kabla hujachora mstari wowote. Anayetaka kupokea mechi ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, nje ya Marekani aanze hapo, futikamba mkononi, kabla hajamwambia mtu habari za tiketi.

Kupima

Uwanja wote huzungukwa na utepe mweupe wa upana wa mita 1.8, hivyo urefu halisi unaouhitaji ni mita 113.4. Nyuma ya utepe lazima pabaki nafasi ya mchezaji wa kilo 110 aliyekuja kwa kasi kusimama bila kuukumbatia ukuta, pamoja na nafasi ya mguu wa goli. Goli lenyewe halina wavu. Ni mguu mmoja uliopinda unaobeba mtambaa wa panya mita 3.05 juu ya ardhi, na juu yake nguzo mbili zilizoachana mita 5.64, zinazopanda mita 10.7 zaidi. Mzigo huo unahitaji msingi wa zege. Uchimbe msimu ambao soka imepumzika, uwekee kifuniko imara, kisha urudishe nyasi juu yake.

Shimo lililozibwa vibaya linaweza kuharibu shughuli nzima. Tarehe 22 Agosti 2019, Green Bay Packers na Oakland Raiders walifika Winnipeg, Kanada, kwa mechi ya kujipima. Futiboli ya Kikanada huweka magoli kwenye mstari wa goli, si nyuma kabisa, na uwanja wake ni mrefu zaidi. Ukichora uwanja wa NFL juu yake, mashimo ya magoli ya Kikanada yanaangukia ndani ya maeneo ya mwisho, pale pale wachezaji wanaporuka na kuanguka. Kuyaziba hakukuridhisha. Uwanja ukafupishwa hadi yadi 80, mikwaju ya kuanzisha mchezo ikafutwa, na Packers wakawaweka benchi wachezaji 33. Funzo kwa fundi: usipime magoli yako tu, pima na alama zote za mchezo uliokuwapo kabla yako.

Upande wa pembeni kuna tatizo la watazamaji. Soka huweka watu wachache kwenye benchi. Hapa kikosi kizima, makocha, madaktari na wabeba maji husimama wima kwenye mstari kwa saa tatu. Aliyenunua kiti cha safu ya mbele atatazama migongo. Ama usiziuze safu hizo, ama uziuze kwa kueleza wazi. Uwanja wa Tottenham jijini London, uliofunguliwa 2019, ulilitatua hili wakati wa kujengwa: nyasi za soka hugawanyika vipande vitatu na kuteleza chini ya jukwaa la kusini kwa muda wa dakika 25 hivi, na chini yake kuna uwanja wa nyasi bandia ulio chini kwa mita 1.5. Wachezaji wanazama, macho ya watazamaji yanapita juu ya vichwa vyao. Viwanja vingi havina anasa hiyo.

Nyasi

Mpira wa miguu unapenda nyasi fupi zilizolowa, ili pasi itembee. Futiboli ya Kimarekani inataka kinyume chake: nyasi zenye mizizi iliyoshika udongo, zinazoweza kumzuia mtu wa kilo 140 anayesukumana na mwenzake bila kunyofoka. Mtunza uwanja wa soka akifanya kazi yake vizuri sana, anaweza kukuharibia mechi bila kukosea lolote. São Paulo, tarehe 6 Septemba 2024, Philadelphia Eagles na Packers waliteleza mara kwa mara mbele ya dunia nzima katika mechi iliyoisha 34-29. Kwa hiyo zuia umwagiliaji wa saa za mwisho, acha nyasi zirefuke kidogo, na waambie watunza vifaa wa timu waje na njumu za aina zaidi ya moja, za meno mafupi na za meno marefu.

Fahamu pia mahali uwanja utakapoumia. Kila duru ya mchezo huanzia kati ya safu mbili za mistari midogo ya katikati zilizoachana mita 5.64, basi ukanda huo mwembamba ndio unaokanyagwa kuliko sehemu nyingine zote. Ukiwa na bajeti ya kubadilisha nyasi sehemu moja tu, ibadilishe hapo, na uiache wiki za kutosha ishike mizizi. Zulia jipya la nyasi lililotandikwa siku chache kabla ya mechi hukunjika kama mkeka.

Ligi ina kipimo chake. Nyundo maalumu yenye kihisio huangushwa sehemu mbalimbali za uwanja kupima ugumu, na kila sehemu isome chini ya 100. Kazi hii hufanyika ndani ya saa 72 kabla ya mechi. Usingoje saa 72 zao. Pima mwenyewe miezi mitatu kabla, kisha kila wiki, kwa sababu ugumu ukigunduliwa mapema hutibiwa kwa kutoboa udongo na maji, lakini udongo mgumu hautibiwi kwa siku tatu.

Mfano unaotisha zaidi ni wa Azteca, jiji la Mexico. Uwanja ule ndio uliopokea mechi ya kwanza ya msimu rasmi nje ya Marekani, tarehe 2 Oktoba 2005, Arizona Cardinals wakiifunga San Francisco 49ers 31-14 mbele ya watu 103,467. Mwaka 2018 ulikuwa umebadilishiwa nyasi, kisha zikaja mvua, mechi za soka na tamasha la muziki juu yake. Siku sita kabla ya mechi ya Los Angeles Rams na Kansas City Chiefs, ligi iliihamishia Los Angeles. Basi kwenye mkataba wa uwanja andika wazi: hakuna tamasha wala maonyesho juu ya nyasi katika wiki za mwisho. Ni kipengele kitakachokugharimu fedha kukipata, na ni cha lazima.

Tarehe

Tangu 2021 kila timu hucheza mechi 17 za msimu: nusu ya timu zina mechi tisa za nyumbani, nusu nyingine nane, na mwaka unaofuata zinabadilishana. Mwenyeji wa mechi ya ng'ambo kwa kawaida huchukuliwa kwenye kundi lenye tisa, ili asipoteze kitu ikilinganishwa na wenzake. Desemba 2023 wamiliki wa timu waliruhusu mechi za nje zifike nane kwa msimu kuanzia 2025. Mwaka huo zilichezwa saba, London zikiwa tatu, na nyingine São Paulo, Dublin, Berlin na Madrid.

Ijumaa si siku ya kuchagua hovyo. Sheria ya matangazo ya Marekani inalinda mechi za shule na vyuo Ijumaa jioni na Jumamosi kuanzia Ijumaa ya pili ya Septemba hadi Jumamosi ya pili ya Desemba. Ndiyo maana mechi za São Paulo za 2024 na 2025 zote ziliwekwa Ijumaa ya kwanza ya Septemba.

Saa nayo ina mtego. Mechi ya London huanza saa nane na nusu mchana, ambayo New York ni saa tatu na nusu asubuhi. Lakini Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kati ya tarehe hizo pengo huwa saa nne badala ya tano. Kila ratiba ya basi, chakula na matangazo iandikwe kwa saa zote mbili. (Kwa mtazamaji wa Nairobi au Dar, hizi ndizo mechi za kiungwana: zinaanza saa kumi na nusu jioni, au kumi na moja na nusu saa zikisharudishwa, huku mechi ya Jumapili usiku ya Marekani ikimtaka akeshe hadi alfajiri.)

Watu na shehena

Kikosi rasmi ni wachezaji 53, na wa mazoezi 16 au zaidi kidogo. Ukijumlisha makocha, madaktari na wafanyakazi, msafara wa timu moja hukaribia watu 200. Chumba cha kubadilishia nguo cha soka hakikujengewa umati huo. Tafuta vyumba viwili vinavyopakana kwa kila timu, ongeza makabati ya muda, na hesabu mabomba ya kuogea. Maji ya moto huisha mapema kuliko unavyodhani.

Pasipoti zianze kukusanywa mara ratiba inapotangazwa, na ziwe za wote 90 wanaoingia kambini, si 53. Kikosi hubadilika kila wiki, na mchezaji aliyesajiliwa Jumanne anaweza kuhitajika kupanda ndege Alhamisi. Aliye na kesi mahakamani aulizwe mapema, kwani kuna nchi zitakazomzuia mpakani.

Mizigo igawe mafungu mawili. Visivyoharibika vitangulie kwa meli miezi kadhaa kabla: vinywaji vya kuongeza nguvu, plasta za kufungia vifundo, taulo, nyaya, soketi za kubadilishia umeme. Mwaka 2015 New York Jets walifikia hatua ya kupeleka London roli 350 za karatasi ya chooni, wakihofia kwamba ya huko ni nyembamba. Watu walicheka, lakini mtunza vifaa huyo alielewa kazi yake: mchezaji asikutane na jambo geni hata chooni. Helmeti, kinga za mabega na njumu husafiri na timu yenyewe.

Kwa forodha, vifaa vinavyoingia na kutoka hupitishwa kwa hati ya ATA Carnet, ambayo hudumu mwaka mmoja na kukuepusha na ushuru. Kosa la kawaida ni kuandika humo vitu vitakavyotumika vikaisha. Plasta na vinywaji havirudi, hivyo havistahili kuwemo. Vilipiwe kama bidhaa za kawaida. Kila kreti ipewe namba, na namba hiyo iwe kwenye orodha, kwani afisa atafungua moja tu na kulinganisha.

Dawa zishughulikiwe peke yake. Dawa ya mafua inayouzwa dukani Marekani yaweza kuwa marufuku kwingine. Pseudoephedrine huko Mexico ni mfano. Daktari wa timu naye hana haki ya kuandika dawa katika nchi isiyomsajili. Muweke daktari mwenyeji pembeni yake, panga hospitali ya majeruhi wakubwa, na upime barabara ya kufika huko siku na saa ileile ya mechi, si Jumanne asubuhi. Uwanjani kunahitajika mashine ya eksirei, magari ya wagonjwa, na wataalamu wa ubongo wasio waajiriwa wa timu yoyote.

Usingizi

Mwili huzoea takribani saa moja ya tofauti kwa siku. Kwa timu ya Los Angeles iendayo London tofauti ni saa nane. Saa nane na nusu mchana ya London, mwili wake unasema saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuna njia mbili tu zenye maana: fika mwanzoni mwa wiki ukazoee, au fika Ijumaa asubuhi ucheze kabla mwili haujagundua umehama. Kufika Jumatano usiku ni kuchukua hasara za njia zote mbili. Ukichagua Ijumaa, wachezaji walale ndegeni, kisha wazuiwe kulala mchana: mazoezi mepesi nje kwenye mwanga, chakula, kitanda baada ya saa tatu usiku.

Mpira, umeme, redio

Mpira hujazwa paundi 12.5 hadi 13.5 kwa inchi ya mraba. Jiji la Mexico liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje ni hafifu, hivyo mpira uliojazwa 13 pwani utasoma zaidi ya 16 huko. Safirisha ukiwa umelegea, jaza na upime ukifika. Makocha nao wakumbuke kwamba hewa hiyo hafifu hurefusha mikwaju: mwaka 2017 Stephen Gostkowski wa New England alifunga hapo kutoka yadi 62.

Vifaa vya Marekani vinatumia volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Ukifika Ulaya, transfoma hurekebisha volti tu, mizunguko hubaki 50, na mwendo wa mota hupungua kwa sehemu moja ya sita huku ikipata joto. Mashine za kufulia na za kukimbilia zikodishwe hapohapo. Taa za uwanja zijaribiwe mbele ya kamera za Kimarekani wiki kadhaa kabla, la sivyo picha za mwendo wa polepole zitapepesa.

Masafa ya redio za makocha yaombewe kibali kwa mamlaka ya nchi, Ofcom kwa Uingereza, na yajaribiwe uwanja ukiwa umejaa simu za watu. Redio za makocha wa timu moja zikizimika, wa timu ya pili nao hulazimika kuvua zao, hivyo hitilafu moja inaumiza wote.

Kuondoka

Tarehe 28 Oktoba 2007 New York Giants waliifunga Miami Dolphins 13-10 Wembley, mvua ikinyesha, na uwanja ukageuka matope. Siku 24 baadaye England ilichezea hapohapo na Croatia, nyasi zikiwa bado na majeraha, ikafungwa 3-2 na kukosa fainali za Ulaya za 2008. Tumia rangi ya maji tangu mwanzo, nyembamba, tabaka mbili. Anza kuiosha usiku uleule kabla haijakauka kabisa, fukia mashimo ya ukanda wa kati kwa mchanga na mbegu, na mabaki ya mistari uyapake kijani. Magoli yang'olewe mwisho, vifuniko vya zege virudishwe, na mtunza uwanja wa soka atie sahihi kwamba amepokea.