Kuwapeleka watoto kwenye Halloween ya Magic Kingdom

Anayepanga kuwapeleka watoto kwenye sherehe ya Halloween, ile ya kuvaa mavazi ya kuigiza na watoto kugawiwa peremende, katika Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney huko Florida, Marekani, ajue kwamba tiketi yake ni tofauti na kiingilio cha mchana, na kwamba ingawa sherehe yenyewe huanza saa 1 usiku na kwisha saa 6, mwenye tiketi hiyo kwa kawaida huruhusiwa kuingia tangu saa 10 jioni. Kwa hiyo, mtoto alale mchana. Usingizi huo una faida kuliko vazi la gharama. Wenye miaka 14 na zaidi hawaruhusiwi kuvaa barakoa, na vazi lisiburuze chini. Ndani yake mvalishe fulana nyepesi ya pamba, kwani joto la Florida hudumu hata Oktoba. Wadogo wanapoanza kusinzia mabegani mwa baba zao, foleni za peremende nazo hupungua.