Kupakia michezo ya kaseti kwenye MSX kwa kutumia simu

Tangu MSX, mfumo wa pamoja wa kompyuta za nyumbani za kampuni mbalimbali, itangazwe mwaka 1983, tundu la kaseti la pini 8 na amri zake ni zilezile, uwe na Sony, Philips au Sakhr AX-170 ya nchi za Kiarabu.

1. Faili. Geuza CAS (nakala ya kaseti ya mchezo) kuwa WAV (faili ya sauti) kwa programu ya cas2wav:

`cas2wav mchezo.cas mchezo.wav`

Usiibane kuwa MP3. Kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde, biti ya 0 ni wimbi moja la Hz 1200 na biti ya 1 ni mawimbi mawili ya Hz 2400. Mashine hupima urefu wa kila wimbi, na MP3 huyavuruga.

2. Waya. Pini 5 ndiyo inayoingiza sauti. Pini 2 ni ardhi. Upande wa simu tumia plagi ya stereo, chukua chaneli ya kushoto tu. Plagi ya mono huunganisha chaneli ya kulia na ardhi, yaani shoti. Kijiplagi cha kuendesha mota ya redio kaseti kiache kining'inie.

3. Simu. Iweke hali ya ndegeni, zima ekolaiza, pandisha sauti hadi mwisho. Mlio mmoja wa ujumbe unatosha kuua dakika tano za upakiaji.

4. Pima kwanza. Wengi huruka hapa, kisha wanalaumu kompyuta. Andika:

`10 OUT &HA0,14:PRINT INP(&HA2) AND 128:GOTO 10`

Endesha kwa RUN, kisha cheza faili. 0 na 128 zikichanganyika, sauti inafika. Namba ikiganda palepale, sauti ni ndogo au waya una kasoro. Simama kwa CTRL+STOP, andika NEW.

5. Pakia. Mashine yenye kiendeshi cha diski iwashe ukiwa umeshikilia SHIFT hadi ilie. Kiendeshi hicho hula RAM (kumbukumbu) ambayo michezo mingi ya kaseti inaihitaji. Ukiona `28815 Bytes free`, uko sawa. Chapa amri, bonyeza RETURN, ndipo ucheze faili:

`BLOAD"CAS:",R`

Ikikataa, rudisha faili mwanzo ujaribu `RUN"CAS:"`, kisha `CLOAD`, ambayo hufuatwa na RUN.

`Found:` ikitokea halafu ukapata `Device I/O error`, mara nyingi sauti imepungua katikati. `Found:` isipotokea kabisa ilhali kipimo cha hatua ya 4 kilikubali, pindua wimbi la WAV juu chini kwa programu ya kuhariri sauti. Baadhi ya mashine huchagua upande.