Pai ya matufaha isilowe chini

Matufaha ya Lushoto yakishuka Tanga mjini, wengi huyapanga mabichi pamoja na sukari kwenye kinyunya (unga wa pai uliokandwa kwa siagi), kisha hushangaa chini pamekuwa uji. Yatoe maji kwanza. Kilo 1 iliyomenywa, vipande vya unene wa nusu sentimita, sukari gramu 100, maji ya ndimu 1, mdalasini kidogo. Kuchanganya waachie watoto, kukata hapana. Funika nusu saa, mimina kwenye chujio, tikisa. Yale maji yachemshe kwenye sufuria ndogo hadi yabaki vijiko vikubwa 3, yakipakaa mgongo wa kijiko. Yakipoa, yarudishe kwenye matunda. Sukari huvuta maji ya tunda: yasipotokea bakulini yatatokea ndani ya pai. Muda wote huo kinyunya kikae kwenye friji, maana kwa joto letu siagi haingoji.

Yale maji yakichemka hadi kuvuta uzi umepitiliza, yakipoa ni peremende. Matufaha ya ungaunga yaliyokaa sana hayatoi maji ya maana, hayo yaokwe tu. Wala usiyalaze usiku kucha na sukari. Yanalegea, na pai inabonyea katikati.