Orodha ya kozi ikikoma kwenye 100, usiiamini
Unapochukua orodha ya kozi za chuo kikuu kupitia huduma ya data ya wavuti, usiridhike na jibu la kwanza hata kama seva imejibu 200 (namba inayomaanisha ombi limefaulu), bali fuata kiungo cha ukurasa unaofuata mpaka kisionekane tena. Huduma nyingi hugawa majibu marefu katika kurasa ili kupunguza mzigo wa seva, kwa hiyo kozi 100 kamili (idadi ya kutiliwa shaka) mara nyingi ni ukomo wa ukurasa tu. Mbinu hii hukwama pale kozi zinapoongezwa au kufutwa wakati bado unapakua, kwani kurasa zinazohesabiwa kwa nafasi (yaani kwa kuruka idadi fulani ya kozi za mwanzo) husogea, kozi moja ikajirudia na nyingine ikarukwa. Hapo pakua upya matokeo yakiwa yamepangwa kwa msimbo wa kozi, kisha ondoa yaliyojirudia.